Msimamizi wa Runinga za Muyeye

Ukimwita Msimamizi aje akuchagulie pahali pa kutundika runinga, hakuanza na ukuta. Alivua viatu mlangoni, akaitikia shikamoo za watoto moja moja bila kuruka hata moja, kisha akaitazama sakafu. Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile kila nyumba. Mwakaa wapi? Mwenye nyumba akimwonyesha makochi, yeye alitikisa kichwa.

"Hapo hukaa wageni. Nyinyi wenyewe mwakaa wapi?"

Hapo watu walianza kucheka kwa haya, kwa sababu ni kweli. Kwetu Malindi kochi limefunikwa kitambaa cha kufuma, na mto umesimamishwa pembeni usiguswe. Mwenye kochi yuko chini kwenye mkeka, mgongo ameliegemeza lile lile kochi alilolihangaikia. Ukitundika runinga kwa kipimo cha anayekaa juu, umewatundikia wageni wa mara moja kwa mwezi, na wenye nyumba utawaumiza shingo mwaka mzima. Msimamizi alilijua hilo kabla yetu sote, na alilisema kwa sauti ya mtu anayekuarifu kwamba umevaa shati kinyume.

Mimi ni seremala. Natengeneza vitanda na kabati hapa mtaani Muyeye, na drili ilikuwa yangu, ndiyo sababu nikawa naandamana naye. Watu walipoanza kununua runinga hizi bapa, kila mtu alitaka yake ining'inie ukutani, na kila mtu aliamini kwamba kwenda juu ndiyo heshima. Waliziona kwenye mikahawa, juu kabisa karibu na dari, wakadhani ndivyo zilivyoumbwa. Hawakufikiri kwamba mkahawani mtu huangalia huku anasubiri chapati, kisha aenda zake.

Jina la bibi huyu tulilijua, lakini halikutumika. Kwa miaka mingi alikuwa msimamizi wa vyumba katika hoteli ya watalii wa Italia, ile kazi ya kuingia baada ya wasafishaji na kutafuta kilichoharibika: shuka lenye kunyanzi, pazia lililofungwa kwa haraka, picha iliyopinda ukutani. Hoteli ilipofungwa alirudi nyumbani na cheo chake, na mtaa ukakipokea. Alijua Kitaliano cha kugombeza peke yake. Cha kusifu, alisema, hakikuwahi kumjia kazini.

Vipimo vyake vilitoka huko huko kwenye vitanda. Hakutumia futi wala mita. Umbali wa kukaa kutoka kwenye runinga ya kawaida ulikuwa "mtu na mto," yaani mtu mzima alale chini, nyayo ziguse ukuta, na mto uongezwe kichwani. Mwisho wa mto ndipo mgongo wako unapoanzia. Runinga ikiwa kubwa, mto uliondolewa ukatandikwa msala wa kuswalia, na kipimo kikawa "mtu na msala." Na alitaka alale mtu wa nyumba hiyo au jamaa yao, si mwingine. Baba mkwe wangu, mtu wa makamo yake, aliyekuja kututembelea na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata, alijikuta chali sebuleni kwangu, mikono kifuani, akiambiwa asikunje magoti kwa sababu anatupunja. Alilala, na aliponyanyuka alisema kipimo hicho kina maana. Mke wangu alilazimika kwenda jikoni kucheka.

Urefu wa kutundika nao ulikuwa na utaratibu wake. Mzee kuliko wote nyumbani aliketi kwenye mkeka mahali pake, akafumba macho, akapumua, akafumbua. Pale macho yalipotua penyewe, bila kulazimishwa, ndipo nilipotia alama ya chaki, na katikati ya kioo pakaja hapo au chini yake kidogo. Mwenye nyumba akinung'unika kwamba iko chini mno, aliambiwa kwamba shingo huinuliwa kwa kuutafuta mwezi wa Idi, si kwa taarifa ya habari. Na dirisha lilikuwa na hukumu yake. Runinga na dirisha visitazamane, alisema, maana kila mmoja atataka kung'aa kuliko mwenzake, na watakaoumia ni macho yako.

Siku moja tuliitwa Matsangoni kwa bwana mmoja aliyekuwa ameitundika yake chini ya paa, akiogopa watoto na mbuzi. Tatizo lake, alitueleza, ni mama yake mzazi, ambaye nyumba nzima ilimwita Hawe, kama wanavyomwita bibi kwao. Kila runinga ikiwashwa, Hawe alisinzia. Mwanawe alikwishaamua kwamba ni uzee. Msimamizi hakubishana naye. Alikwenda akaketi ubavuni kwa Hawe, bega kwa bega, akamwuliza anaona nini.

"Naona mabati," Hawe akajibu.

Tukaishusha. Baada ya siku chache yule bwana akanipigia simu kuuliza kama twaweza kuipandisha tena, maana Hawe sasa halali kabisa, na rimoti ameifunga kwenye pindo la leso yake. Msimamizi alicheka mpaka akaketi, akasema hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizopata kufanya tangu hotelini.

Msinione namsifu tu. Alikuwa mgumu. Aliwakataza watu wote wasile mbele ya runinga, na chini ya mto wake mwenyewe mlikuwa na kashata za nazi, ambazo ukizigusa kwa bahati mbaya hukutazama wewe kama ndiye uliyeziweka. Alichukia kelele za runinga ya jirani, na ya kwake ilisikika mpaka barabarani. Malipo hakupokea ila kahawa chungu, lakini kahawa ikija imepoa aliirudisha na kukaa nayo kinyongo mpaka Ijumaa. Pimamaji langu, ule ubao wenye kitone cha hewa unaoonyesha kama kitu kimenyooka, alikuwa akilidharau waziwazi. Nikilitoa mfukoni huniambia nirudishe maji yangu, tutayanywa baadaye. Alisimama mlangoni, akatazama mara moja, akasema inua kushoto, na iliponyooka kwa jicho lake nami nikalichungulia pimamaji kwa siri, kitone kilikuwa katikati kabisa. Miaka ile ya mwanzo hakukosea hata mara moja.

Lakini ukinzani wake mkubwa ulikuwa kiti. Kiti hicho nilikitengeneza mimi, cha mvule, kwa sababu magoti yalikwisha mkataza mkeka nyumbani kwake. Tulikiweka mbali na runinga yake kama alivyotaka, mtu na msala, karibu na mlango. Sakafu yake ni ya saruji nyekundu, inayong'arishwa kila wiki, na miguu ya kiti huacha alama. Mwaka uliofuata nilipokwenda kumsalimia niliona alama ziko peke yake, na kiti kimesogea mbele. Baadaye kikasogea tena. Yeye aliyewafukuza watoto wa mtaa mzima wasibandike nyuso kwenye vioo, alikuwa akisogea taratibu mpaka magoti yakakaribia kugusa ukuta. Sote tuliziona zile alama na kila mtu alijua maana yake. Hakuna aliyemwambia.

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia likiwa baya zaidi. Bintiye anayekaa Kilifi alikwisha mpeleka kwa daktari, na daktari akasema jambo lenyewe ni dogo, atapasuliwa na kurudi nyumbani, lakini akichelewa sana litakuwa jingine. Msimamizi akakataa. Alisema jicho si kioo cha dirisha kwamba litapanguswa na kitambaa. Kila tulipomkumbusha alibadili mazungumzo, na kila alipobadili tuliogopa zaidi, kwa sababu mtu yule alikuwa ameishi kwa kutazama. Sikuweza kumfikiria gizani.

Na palikuwa na jambo jingine, la kuchekesha na la kutia huruma pamoja. Jicho la kulia lilipofifia, alianza kuinamisha kichwa upande wa kushoto ili alitumie lile lililobaki. Alipoinamisha kichwa, na runinga zikaanza kuinama naye. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Zuhura, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Msimamizi alisimama mlangoni, kichwa upande, akasema inua kulia, inua tena, hapo hapo. Nikalichungulia pimamaji. Kitone kilikuwa kimekimbilia pembeni. Nikamtazama Mama Zuhura, naye akanitazama, tukakaza skrubu.

Siku ya pili nilirudi na drili kimyakimya ili niinyooshe. Mama Zuhura akasimama mbele ya runinga yake kama anayezuia mlango.

"Iache," aliniambia. "Akija akaikuta imehamishwa atajua. Mimi nitazoea."

Akazoea kweli. Na baada yake wakazoea wengine, kwa sababu Msimamizi hakuacha kuitwa. Kuacha kumwita kungekuwa sawa na kumwambia. Nyumba kwa nyumba hapa mtaani runinga zikalala upande mmoja, kushoto chini na kulia juu, na ukipita jioni milango ikiwa wazi uliona wasoma habari wote wameinama kidogo kama watu wanaosikiliza siri. Ya kwangu ilikuwa mojawapo. Mimi, fundi, mwenye pimamaji, nilikaa chini ya runinga iliyopinda nikala wali wangu, na mke wangu akaanza kulala na shingo upande. Tuliona fahari, sijui kwa nini. Ilikuwa kama alama ya mtaa.

Lakini hofu ilikua pamoja na fahari. Asipokubali kupasuliwa, giza lingemfunga. Akikubali akaona, angeona pia kwamba kwa miaka tumemzunguka kwa uongo wa adabu, tukimwitikia "sawa, Msimamizi" kwa jambo lisilo sawa. Kwa mtu ambaye kunyoosha ndiyo ilikuwa kazi yake, sikujua ni lipi lingemwumiza zaidi.

Kilichomgeuza ni safari ya Dabaso. Mpwa wake alikuwa amemaliza nyumba karibu na mikoko, akataka runinga itundikwe kabla ya wageni. Tulifika mchana, jua likiwa kali nje. Msimamizi akavua viatu, akauliza mwakaa wapi, akakubali kusaidiwa kuketi kwenye mkeka, akafumba macho, akafumbua. Akatabasamu. Alisema picha ni safi sana, hasa kijani chake, hajapata kuona kijani kama kile, ila iko juu, ishushwe kiganja kimoja. Runinga ilikuwa bado ndani ya boksi. Alichokuwa akikitazama ni dirisha.

Kabla sijapata neno, mwanamke mmoja mwenye ndoo kichwani akapita nje ya dirisha lile, akamwona mzee ameketi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," Msimamizi akaitikia, kama alivyozoea. Upepo ukaingia na harufu ya tope la mikoko. Akageuza uso kwangu polepole. "Huyu wa kwenye tivi kanijuaje?"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini yeye ndiye aliyeanza kucheka, kwanza kwa pumzi, kisha kwa mwili mzima, akijipangusa machozi kwa ncha ya kanga, na mpwa wake akacheka, na mimi nikacheka, na yule mwenye ndoo akarudi kuuliza kuna nini. Tukamweleza, akaitua ndoo ili acheke vizuri. Kazi haikufanyika siku ile. Njiani kurudi, tulipoiona Malindi kutoka kwenye tuktuk, Msimamizi akanishika mkono.

"Mwambie binti yangu anipeleke," alisema. "Kabla sijamkaribisha msoma habari chai."

Alipokuwa hospitali, mtaa ulikutana kwa Mama Zuhura. Wengine walitaka runinga zote zinyooshwe kabla hajarudi, na macho yote yakanigeukia mimi na drili yangu. Nilianza nyumba ya kwanza, ya kijana mmoja fundi cherehani. Niliinyoosha barabara, kitone katikati. Alasiri alinifuata karakana kuniomba niirudishe. Alisema sasa ndiyo imepinda. Watoto wake wanaitazama wanaona kizunguzungu. Nikairudisha. Wengine walipopata habari hawakunifungulia hata mlango. Basi zikabaki vile vile, nasi tukabaki na wasiwasi wetu.

Alirudi na kitambaa jichoni, na kilipoondolewa aliketi barazani kwake asubuhi nzima akitazama. Alitazama kanga yake mwenyewe akagundua ilikuwa na doa ambalo, alisema, lazima lilikuwapo tangu mwaka uliopita, na hakuna mwenye imani aliyemwambia. Alimtazama paka. Nilipokwenda kumpa pole na hongera aliushika uso wangu kwa mikono miwili, akaugeuza kulia na kushoto kwenye mwanga.

"Umezeeka, mwanangu," alisema. "Na hukuniarifu."

Furaha niliyoipata siku ile siwezi kuificha. Alivuka uchochoro akaja kwangu kwa miguu yake, asiongozwe na mtu. Akasimama mlangoni, pale anaposimama siku zote, akaitazama runinga yangu. Kichwa chake kilikuwa wima. Alitazama muda mrefu. Kisha akaomba maji, akanywa, akashukuru, akaondoka.

Hakulitaja jambo hilo siku ile wala siku zilizofuata. Kiti chake cha mvule kilirudi nyuma mpaka mlangoni, kwenye alama zake za kwanza, na ndicho kilichotufariji. Lakini hakuitwa tena kutundika, na sisi hatukuthubutu kumwita. Jicho la pili lilipokwisha pona, bintiye akamchukua akae naye Kilifi. Aliaga nyumba kwa nyumba, na kila nyumba alitupa jicho ukutani, akaombeana dua na wenyewe, akatoka. Nilibaki na jambo kifuani. Mke wangu alisema tumemwonea haya mpaka tumemwaibisha, nami niliogopa ni kweli.

Alirudi Idi iliyopita. Tulimsikia kabla hatujamwona, akimgombeza dereva wa tuktuk kwa Kitaliano. Alikuwa amevaa buibui jipya na kunenepa kidogo, na watoto walimpangia foleni ya shikamoo. Alizunguka mtaa mzima, na kwangu akaja mwisho. Mke wangu alimketisha kwenye kochi, akatoa kile kitambaa cha kufuma ili akae vizuri, akamletea tambi na kahawa ya moto. Runinga ilikuwa imewashwa, watu wa Idi wakipita juu yake, wote wameinama. Msimamizi akaonja tambi, akaweka sahani chini, akaniomba pimamaji.

Nilimpa. Alisimama akaliegesha mwenyewe juu ya runinga. Kitone kikakimbia mpaka mwisho wa njia, kikakaa huko.

"Mulijua?" akaniuliza.

"Tulijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ya Mama Zuhura."

Akauliza kwa nini hakuna aliyenyoosha, na mimi nikamweleza yote, Mama Zuhura alivyosimama kuzuia, fundi cherehani alivyotaka ya kwake irudishwe, mtaa ulivyonifungia milango. Nilidhani atacheka kama siku ile ya Dabaso. Hakucheka. Alilishika pimamaji kwa mikono miwili, akilitazama, na macho yake yale mapya yalikuwa yamejaa. Nikainuka.

"Wenda wapi?"

"Kuleta drili, Msimamizi. Nainyoosha sasa hivi."

"Hebu kaa."

Nikakaa. Yeye hakurudi kwenye kochi. Alilitazama, akapaona pahali palipoandaliwa kwa ajili yake, akapapita. Akashika bega langu, na kwa magoti yale yaliyokataa mkeka wake mwenyewe akateremka taratibu mpaka chini, kwenye mkeka wetu, akauegemeza mgongo kwenye kochi, akanyoosha miguu kati ya mke wangu na mimi. Akafumba macho, akapumua, akafumbua. Kisha akakiinamisha kichwa kushoto, kama zamani.

"Kutoka hapa iko sawa," alisema, akaomba rimoti.